Sayyid Barghash: Aliyeutafuta Utawala kwa Upanga



Jioni moja, baada ya sala ya Laasiri, mjukuu wangu alinijia barazani hapa Maji ya Chai na kitabu mkononi. Kilikuwa kitabu cha hadithi ya kubuni, kinachosimulia maisha ya rais mmoja wa karne ya kumi na tisa: alivyoanza akiwa karani, akapanda hadi kuwa mbunge, akashinda uchaguzi, akaangushwa, kisha akarudi tena. Kijana alikuwa amekisoma chote, akataka nimwonyeshe nchi ile iko upande gani wa ramani. Nikamwambia haiko upande wowote; nchi imetungwa, na rais wake ametungwa. Akanuna, kama mtu aliyekwisha lipa nauli halafu akaambiwa gari haliondoki. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: "Babu, na sisi wakati huo tulikuwa na nani?"

Neno lenyewe "rais" si geni kwa watu wa bahari. Kwa Waarabu ni mkuu wa chombo, yule anayeshika amri ya jahazi. Lakini kwa maana ya mkuu wa nchi aliyewekwa na jamhuri, katika Afrika ya karne ile utampata Liberia, nchi iliyojitangaza kuwa jamhuri mwaka 1847 na kumweka Joseph Jenkins Roberts kuwa rais wake wa kwanza mwaka uliofuata. Kwetu hakukuwa na kura wala sanduku. Siasa, hata hivyo, ilikuwepo, tena kali, na mtu aliyeicheza tangu ujana wake mpaka siku ya kufa kwake alikuwa Sayyid Barghash bin Said, mtawala wa Unguja kuanzia mwaka 1870 hadi 1888.

Msomaji wa Mombasa au wa Lamu huenda akauliza: sheikh wa huku milimani, kwenye maji haya yanayogeuza meno ya watoto wetu kuwa ya kahawia, ana lipi na masultani wa Unguja? Subiri kidogo, nitafika.

Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856 akitoka Maskati kuja Unguja. Barghash alikuwamo chomboni, kijana wa miaka ipatayo kumi na tisa. Mwana mwingine angeliyashughulikia mazishi na kungoja wakubwa waseme. Yeye, kama alivyosimulia baadaye dada yake Sayyida Salme, aliishusha maiti ya mzee pwani usiku, kwa siri, ikazikwa. Na usiku huo huo akataka kumkamata kaka yake Majid kabla khabari hazijaenea. Hakumpata. Majid alikuwa ametoka baharini kuwalaki wasafiri, wakapishana gizani. Fikiri, msomaji: kaburi la baba halijakauka udongo, na mtoto anauzingira mlango wa nduguye.

Majid akatawala Unguja, na kaka yao Thuwaini akabaki Oman akidai kwamba zote mbili ni zake. Waingereza waliamua ugomvi ule mwaka 1861, wakazitenga nchi mbili, na Unguja ikatakiwa kuilipa Maskati riyali 40,000 kila mwaka. Hapo ndipo mgeni alipoanza kuwa kadhi katika nyumba ya watu. Tusisahau kwamba alikaribishwa na wenye nyumba wenyewe.

Mwaka 1859 Barghash alijaribu mara ya pili, na safari hii alijiandaa. Maharthi, watu wenye mali na wafuasi wengi, walikuwa upande wake. Dada zake Khole na Salme walikuwa upande wake pia. Salme alikuwa na miaka kumi na mitano tu, lakini alijua kuandika, jambo ambalo wasichana wengi wa jumba lile hawakufundishwa, kwa hiyo akawa ndiye karani wa njama: barua za siri kwa mashekhe zilitoka mikononi mwake. Majid alipopata khabari aliizingira nyumba ya Barghash mjini, akakata njia za chakula na maji.

Jinsi alivyotoroka ni kisa ambacho wazee wa Unguja walipenda kukisimulia. Usiku mmoja dada zake walikuja na msafara wa wanawake, wakawashinda walinzi kwa maneno mpaka wakaruhusiwa kuingia kumtazama ndugu yao. Walipotoka, Barghash alikuwa katikati yao, amevikwa nguo nyeusi za kike, yanaonekana macho tu, na wanawake warefu wamewekwa ubavuni mwake ili kimo chake kisimsaliti. Walinzi wakainamisha macho kwa adabu. Adabu ile ya Kiislamu, ya kutomkodolea macho mwanamke, ndiyo iliyomvusha. Nami sijui nimsifu nani hapo.

Akaenda shamba, kwenye jumba liitwalo Marseilles. Jina hilo alilitoa ndugu yao marehemu Khalid, aliyekuwa akiwapenda sana Wafaransa. Wafuasi wakajikusanya wakatoboa kuta matundu ya bunduki. Majid peke yake hakuweza kuwashinda; aliyeimaliza kazi ni konseli wa Kiingereza, Rigby, aliyeleta mabaharia na mizinga ya manowari yao. Barghash akarudi mjini kwa siri, akajifungia nyumbani kwake, na Waingereza walipofika mlangoni akajitoa. Akaapishwa kwamba hatafanya fitina tena, akapakiwa chomboni, akapelekwa Bombay.

Mtume, sala na amani zimshukie, alimwonya sahaba wake asiuombe uongozi. Kwani anayepewa bila ya kuomba husaidiwa, na anayeuomba huachiwa mwenyewe mzigo wake. Naitaja hadithi hii kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo moyoni nilipokuwa nikimsimulia kijana. Lakini sikutaka aione kama nyundo ya kumpigia maiti. Barghash aliachiwa mzigo, ni kweli. Tutazame alivyoubeba.

Bombay alikaa kiasi cha miaka miwili. Si kifungo cha minyororo. Ilikuwa kukaa kwa mtu mwenye macho katika mji wenye mabomba ya maji, meli za moshi, mitambo ya kupiga chapa na majumba ya ghorofa. Alirudi mwaka 1861, akanyamaza karibu miaka tisa. Majid alipofariki Oktoba 1870 hakuacha mtoto wa kiume, na Barghash akakalia kiti bila ya risasi kulia. Kile alichokikosa kwa upanga mara mbili kilikuja chenyewe, baada ya kungoja.

Aliingia akiungwa mkono na pande mbili zisizopatana. Upande mmoja ni wanachuoni wakali wa Kiibadhi, waliotaraji kwamba atatawala kama imamu. Upande wa pili ni konseli wa Kiingereza, aliyepewa ahadi kwamba biashara ya watumwa itapunguzwa. Alipokwisha keti akageuka. Wanachuoni aliwaweka mbali baada ya muda, na konseli alimwambia kwamba hakuna ahadi. Huo ndio ujanja wa siasa ambao rais wa kitabuni angeuonea fahari. Ila deni la kisiasa, msomaji, halifutwi kwa kulikana. Hungoja siku mdaiwa atakapoteleza.

Na aliteleza, si kwa kosa lake. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu kwa maelfu na kuvizamisha vyombo vilivyokuwa bandarini, vya sultani vikiwamo. Pemba ilinusurika, na ndiyo maana tokea hapo karafuu nyingi zimekuwa za Pemba. Serikali ikabaki bila ya pato na bila ya merikebu, na mwaka uliofuata akaja Sir Bartle Frere na mkataba mkononi. Barghash akakataa. Frere akaondoka, na konseli John Kirk akaletewa amri: asipotia sahihi, kisiwa kitazingirwa na manowari. Akatia sahihi tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Unguja likafungwa siku zile zile.

Hapa lazima tuseme ukweli, maana gazeti la Kiislamu likificha haya litasema nini jingine? Wapo wanaolieleza jambo hili kama dhuluma waliyofanyiwa Waarabu na Waingereza, wakaishia hapo. Mwingereza alikuwa na yake, hilo halina shaka. Lakini wanaadamu waliouzwa pale Mkunazini walikuwa na mama zao, na wengi walitolewa bara wakitembea kwa miguu mpaka pwani. Kumwacha huru mtumwa ni ibada tuliyofundishwa tangu utoto madrasani. Kumbe ilitakiwa manowari ndipo soko lifungwe. Mimi huona haya kila ninapofika sehemu hii, wala sitaki kijana wangu asione.

Mwaka 1875 alikwenda Uingereza, akaonana na Malkia Victoria, akatembezwa katika viwanda. Mwandishi wake, Zahir bin Said, aliiandika safari ile kwa Kiarabu, na kitabu kikapigwa chapa. Salme naye alifika London wakati ule. Alikuwa amekwisha olewa na Mjerumani na kubatizwa, mume amekufa, ana watoto wadogo, na alitaka kumwona kaka yake. Waingereza wakamzuia, na Barghash naye hakumtafuta. Dini ilikuwa sababu, na sababu nzito. Lakini mikono iliyomwandikia barua mwaka 1859 ilikuwa ile ile.

Miaka iliyofuata ndiyo miaka yake mizuri. Alileta maji safi mjini kutoka chemchemi za nje ya mji kwa mabomba, yakachotwa bure na tajiri na maskini. Alinunua meli za moshi zikawa zinakwenda Bombay. Alileta mtambo wa kupiga chapa, vikatoka vitabu vya fiqhi. Alijenga Maruhubi, na mwaka 1883 likasimama Beit al-Ajaib, jumba la maajabu, ambalo Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na kuwaliza waliolipenda. Tangu mwaka 1877 alikuwa na jeshi lililofundishwa na afisa wa Kiingereza, Lloyd Mathews.

Sio kwamba mkono wake ulikuwa laini. Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii wa Mombasa, aliwekwa kifungoni kwa amri yake kwa sababu ya mafundisho yake juu ya madhehebu, asitoke mpaka Barghash alipokwisha kufa. Watoto wanaosoma vitabu vya Sheikh Al-Amin bin Ali wajue kwamba baba yake alipita huko. Mtu anaweza kuwaletea watu maji na akamnyima mwanachuoni mlango.

Sasa nimefika kwetu.

Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani mmoja kijana, Carl Peters, alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, akiwatia sahihi machifu kwenye karatasi zilizoandikwa kwa lugha wasiyoijua. Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake Kaizari akatoa hati ya kuzilinda nchi zile. Barghash akapeleka simu ya malalamiko kwa Kaizari mwenyewe: nchi zile zina mwenyewe.

Lakini alijua kwamba simu peke yake haitoshi. Akamtuma Mathews na askari waje huku kwetu, Kilimanjaro. Mwezi wa Mei 1885 bendera nyekundu ya Unguja ilipandishwa katika nchi ya Wachaga, na machifu 25 wa huko na majirani zao wakakiri kwamba wao ni raia wa Sayyid. Mkubwa wao alikuwa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Haikutimia hata mwezi akafika Mjerumani, Dokta Jühlke, na Rindi huyo huyo akatia alama yake kwenye karatasi ya pili.

Wapo wanaomcheka Rindi. Mimi simcheki. Alikuwa mtawala mdogo mlimani, na kila wiki mgeni mpya anapanda na bendera. Alimpa kila mmoja alichokitaka, akangoja aone nani atabaki. Sivyo alivyofanya Barghash mwenyewe mwaka 1870, kwa wanachuoni na konseli? Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa mlimani na mwingine ufukweni.

Mwezi wa Agosti 1885 manowari tano za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake, mizinga imeelekezwa barazani. Katika kundi la meli zilizofuatana na msafara ule alikuwamo Salme, kaletwa na Wajerumani kudai urithi wake. Sijui kama kuna sultani mwingine aliyepata kuona, kwa dirisha moja, mizinga ya adui na dada yake wa damu. Alimtazamia Kirk, rafiki yake wa miaka mingi, amsaidie. Kirk alikuwa na amri kutoka London ya kumshauri akubali. Akakubali. Dada yake hakumpokea.

Ikaundwa tume ya kupima mipaka ya dola ya Unguja. Ilikuwa na Mwingereza, ndiye Kitchener aliyekuja kuwa jenerali mashuhuri, na Mjerumani, na Mfaransa. Mwenye nyumba hakupewa kiti. Mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zikaafikiana: sultani abaki na visiwa, na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, na miji michache ya Banadiri. Bara ikakatwa kwa mstari kutoka mlango wa mto Umba, ukazunguka Kilimanjaro upande wa kaskazini, ukaenda mpaka ziwa Victoria Nyanza. Kaskazini ya mstari Mwingereza, kusini Mjerumani. Maji ya Chai, chini ya mlima Meru, ikaangukia kusini. Wazee wetu waliokuwa wakilima migomba yao hawakuambiwa neno. Mwaka 1900 ilipojengwa boma ya Arusha ndipo walipofahamu kwamba waligawanywa tangu zamani. Na zile maili kumi, ndugu zangu wa Mombasa na Malindi, ndizo zile zile mlizozijadili kwa uchungu wakati wa Mwambao, mpaka Oktoba 1963 zilipotiwa ndani ya Kenya.

Kuna ushahidi wa jinsi alivyolipokea pigo hili, na umetoka kwa Mswahili mwenyewe. Hamed bin Muhammed al-Murjebi, yaani Tippu Tip, katika kitabu cha maisha yake alichokisimulia kwa Kiswahili, anaeleza alivyofika Unguja kutoka Kongo akitaraji maagizo na nguvu mpya za kuishika bara. Alimkuta Sayyid amechoka. Akaambiwa kwamba Wazungu wanataka hata Unguja yenyewe, sembuse bara, na kwamba waliokufa kabla ya kuyaona haya wamepumzika. Tippu Tip anasema hapo alijua kwamba mambo yamekwisha. Mtu aliyeuzingira mlango wa nduguye usiku wa mazishi ya baba yao, sasa anawaonea wivu waliotangulia kaburini.

Kijana aliniuliza: je, angelifanya nini? Nikamwambia kwamba hakuwa na mizinga ya kushindana na Ujerumani, na hilo si kosa lake. Ila kuna jambo la nyuma zaidi. Pale Marseilles, aliyemshinda Barghash hakuwa Majid. Alikuwa konseli, aliyeitwa na ndugu mmoja ampige ndugu mwingine. Na konseli akishazoea kuingia kwa mlango huo, hagongi tena. Ndugu wote wawili walikuwa na sehemu yao: mmoja alileta fitina, mwingine akaleta mgeni kuizima. Miaka ishirini na sita baadaye Kirk aliposhauri, Unguja ilikuwa imekwisha zoea kushauriwa.

Mwaka 1888 mwanzoni alikuwa mgonjwa sana. Alikwenda Oman kutafuta afya, akarejea mwishoni mwa Machi akiwa taabani, akafariki mara tu baada ya kufika. Umri wake ulikuwa kiasi cha miaka hamsini. Mwezi mmoja tu baadaye nduguye Khalifa aliwakodisha Wajerumani pwani ya kusini, na kabla mwaka haujaisha Pangani ikawaka moto chini ya Abushiri bin Salim, naye ni wa kabila lile lile la Maharthi waliosimama na Barghash mwaka 1859. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Hayo yanataka makala yake.

Msomaji ukijaaliwa kufika Unguja, pita Forodhani, uliache Beit al-Ajaib na majeraha yake, uende mpaka kwenye makaburi ya kifalme karibu na jumba la zamani la masultani. Hapo yupo Sayyid Said, kaburi lake halikumalizwa kujengwa. Yupo Majid. Na yupo Barghash, hatua chache tu kutoka kwa ndugu yake. Kijana wangu ameniomba nimpeleke likizo ijayo, na nimemwahidi, inshallah, nauli ikipatikana.